Waliovuka mpaka na gitare zao: hadithi ya Les Mangelepa, na funzo lake kwetu Nyantende

Hii ni kwenu, wasomaji na wasikilizaji wa Nyantende, na nyinyi ndugu zetu mliohama, ambao leo mnalala kwa jamaa, kwa rafiki ao kwa mtu aliyewafungulia mlango tu. Leo hatuleti habari ya bei ya unga wala ya hali ya barabara. Tunaleta habari ya muziki. Lakini mkifika mwisho mtaona kwamba ni habari yenu pia.

Ilianza hivi. Mzee mmoja aliyehama, umri wake umepita miaka 70, alikuja kuchaji simu yake pale tunapochajia sisi wote. Ni simu ndogo ya vibonyezo, na ndani yake kuna kadi ya memori yenye nyimbo za zamani. Ilipopata nguvu akafungulia wimbo mmoja: tarumbeta mbele, magitare yanajibizana, sauti za wanaume zinaimba pamoja. Vijana waliokuwa pale walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Mzee akasema: "Kanda zangu zote nimeziacha nyumbani. Zilikuwa sanduku nzima. Hii kadi ndiyo imebaki." Kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe unaandika habari. Hawa ni Wakongomani, lakini muziki huu waliupigia Nairobi. Wako bado? Walirudi?"

Siku ile sikuwa na jibu la kutosha, papa. Jibu langu ndilo hili.

Njia iliyoanzia Katanga

Watu wengi wakisikia muziki wa Kongo wanafikiri Kinshasa. Ni kweli kwamba Kinshasa na Brazzaville ndizo zilizolea rumba, na tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la nchi zote mbili. Lakini sisi wa mashariki na wa kusini, tunaosema Kiswahili, tulikuwa na njia yetu. Njia hiyo haikuelekea Kinshasa. Ilielekea Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya.

Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Akarekodi gitare lake na sauti yake, na wimbo wa "Masanga" ukatoka. Bosco alikuwa mtu mmoja na gitare moja, lakini vidole vyake vilipiga kama watu wawili. Wimbo huo ulitembea mbali kuliko yeye mwenyewe. Mwisho wa miaka ya 1950, Bosco na ndugu yake Edouard Masengo walifika mpaka Nairobi, na wapiga gitare wa Kenya walikaa chini kusikiliza namna ya Katanga ya kupiga. Kwa hiyo, wakati maorkestra makubwa yalipoanza kuvuka mpaka miaka ya 1970, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Kwa nini walivuka? Sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka Likasi ao Bukavu kwenda Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara nzuri inayounganisha. Lakini kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ni karibu kilomita 90 tu. Ukitoka Zambia unafika Dar es Salaam, ukitoka Dar es Salaam unafika Nairobi, na Nairobi ilikuwa na studio na viwanda vya kutengeneza santuri. Mwanamuziki wa Likasi aliyetaka sauti yake ikae kwenye santuri aliona Nairobi karibu kuliko mji mkuu wa nchi yake.

Sababu ya pili ni matatizo ya nchi. Wazee wetu wanakumbuka. Katanga ilijitenga Julai 1960, na vita hiyo haikuisha mpaka Januari 1963. Hapa kwetu, mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme waliingia Bukavu mwezi wa nane na wakaushika mji mpaka mwezi wa kumi na moja. Kisha likaja jina la Zaïre mwaka 1971, na mwaka 1973 serikali ikachukua biashara za wageni na kuwagawia watu wake. Maduka yalifungwa, bidhaa zikakosekana. Orkestra inataka nyuzi za gitare, ngoma, spika, mafuta ya jenereta. Bidhaa zikikosekana, muziki nao unaanza kukosa pumzi.

Baba Gaston na watoto wake

Mmoja wa waliovuka alikuwa Baba Gaston, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, kiongozi wa orkestra Baba National. Alitoka Katanga akaenda Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 akahamia Nairobi. Kila mwisho wa mwaka wimbo wake "Kakolele" bado unasikika Kenya wakati wa Noeli, hata kwa watu ambao hawajui jina la mwimbaji.

Orkestra yake ilikuwa shule. Na kama ilivyo kwa shule zote, siku moja wanafunzi wanaondoka. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake, pamoja na Bwamy Walumona na Kabila Kabanze anayeitwa Evany, walimwacha baba wakaanzisha orkestra yao. Wakaiita Les Mangelepa.

Nairobi ya wakati ule ilikuwa na maorkestra ya Kongo kila upande. Super Mazembe walikuwa wametoka Katanga, wakapita Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Wimbo wao wa 1977, "Kasongo", unamsikilizisha mwanamke anayemwita mume wake arudi nyumbani. Wimbo huo haujafa: mwisho wa mwaka 2024 vijana wa Kenya ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka waliufungulia tena kwenye simu zao, wakatumia jina hilo hata kwa kumtania rais wao. Samba Mapangala naye, mtoto wa Matadi, alizunguka mashariki ya nchi yetu na Uganda kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977, na orkestra aliyoiunda baadaye akaiita Virunga. Ndiyo, Virunga hiyo hiyo, milima yetu ya moto. Mtu wa Bas-Congo alibeba jina la milima ya Kivu mpaka Kenya.

Katikati ya hao wote Les Mangelepa walijulikana kwa pembe zao, tarumbeta na saksafoni, zilizokuja mbele na kusukuma wimbo. Wimbo wao "Embakasi" ulichukua jina la uwanja wa ndege wa Nairobi wa wakati ule. "Nyako Konya" ulipewa jina la Kijaluo, lugha ya watu wa ziwa Victoria upande wa Kenya. Angalieni jambo hilo. Watu wa Katanga wamefika nchi ya watu, wanaimba kwa Lingala na Kiswahili walichotoka nacho, na jina la wimbo wanalitoa kwenye lugha ya wenyeji. Hivyo ndivyo mgeni anavyosema asante kwa aliyemkaribisha. Na wenyeji waliitika. Mangelepa walipiga Kenya na wakasafiri mpaka nchi za jirani, wakipokelewa kama watu wa nyumbani.

Mtoto wa Kivu aliyefika Dar es Salaam

Hatuwezi kupita bila kumtaja mwenzetu kabisa. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu. Leo Kindu ni Maniema, lakini wakati ule Maniema, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zilikuwa jimbo moja la Kivu, na mji mkuu wake ulikuwa Bukavu. Jimbo hilo liligawanywa sehemu tatu mwaka 1988. Kwa hiyo Remmy alikuwa mtoto wa jimbo letu.

Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya ukimwi wakati ambapo wengine waliona haya kuutaja. Mwaka 1989 na 1992 albamu zake zilitoka Uingereza kwa kampuni ya Real World. Alipofariki tarehe 13 Desemba 2010, Tanzania ilimlilia kama mtoto wake. Huyu alitoka kwetu, akabaki huko, na sauti yake ikabaki kwa sababu ilirekodiwa.

Miaka ya kutawanyika

Furaha haikudumu kwa wote. Katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ilikaza masharti ya vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni. Wengine walifukuzwa, wengine waliondoka wenyewe kabla ya kufukuzwa. Katikati ya miaka hiyo Super Mazembe wakavunjika. Kanda za kaseti zilizonakiliwa bila ruhusa zikajaa sokoni, na santuri ikafa. Baadaye muziki wa mashine ukaingia kwenye baa: kijana mmoja na kompyuta yake anachukua malipo kidogo kuliko orkestra ya watu kumi na wawili.

Fikirini hali ya mwanamuziki wa Mangelepa mwaka 1990 ama 1997. Hawezi kurudi kirahisi, kwa sababu nyumbani Zaïre inaanguka, halafu vita inakuja, halafu vita nyingine. Hawezi kusema yuko nyumbani pale alipo, kwa sababu karatasi zake zinamhesabu kuwa mgeni. Wenzake wanazeeka. Mmoja anakufa, mmoja anahamia mbali. Samba Mapangala, kwa mfano, alihamia Marekani miaka ya 1990. Baa inawataka wapige nyimbo za wengine, zile zinazovuma wiki hii, kwa sababu mnywaji hataki historia, anataka kucheza.

Hapa ndipo orkestra nyingi zilikufa. Hazikufa siku moja. Zilikufa kidogo kidogo, kila usiku walipopiga wimbo wa mtu mwingine na kuacha wa kwao, mpaka siku moja hakuna aliyekumbuka wimbo wa kwao unaanzaje.

Mangelepa hawakukubali. Waliobaki waliendelea kupiga Nairobi, mwaka baada ya mwaka. Aliyekufa, nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyefundishwa na wazee. Jina lilibaki lile lile. Na nyimbo walizotunga wenyewe zilibaki katikati ya usiku wao, hata walipolazimika kuzizungushia nyimbo za wengine.

Wazee wanarudi studio

Miongo minne baada ya kumwacha Baba Gaston, wazee hao waliingia tena studio Nairobi. Ilikuwa studio ya Ketebul, inayoongozwa na Tabu Osusa, mtayarishaji wa Kenya ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifuatilia muziki wa zamani wa Afrika Mashariki kabla wenye kuujua hawajaondoka duniani. Evany alikuwa bado mbele ya kipaza sauti. Walizirudia nyimbo walizozitunga wenyewe ujanani, safari hii kwa mashine za leo, na pembe zao zikiwa mbele kama zamani. Albamu ilitoka nje ya Afrika ikiitwa Last Band Standing. Maana yake ni orkestra ya mwisho iliyobaki imesimama.

Jina hilo lina majivuno kidogo, lakini lina huzuni pia. Ukisema wewe ndiye wa mwisho kusimama, unasema kwamba wenzako wote wamelala.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kurekodi tena wimbo ambao ulikwisha kurekodiwa mwaka 1977? Nimefikiri sana juu ya swali hilo, na naona majibu matatu.

La kwanza, wimbo wa zamani ulikuwa umeanza kupotea. Santuri za Nairobi za miaka ya 1970 zimekwaruzwa, zimevunjika, zimetupwa. Kanda za kaseti zimeliwa na unyevu. Mwenye bahati anapata nakala ya nakala ya nakala, kama ile kadi ya memori ya mzee wetu, na ndani yake hakuna jina la aliyetunga wala mwaka.

La pili, mzee anayeimba wimbo wake wa ujana haimbi kitu kile kile. Kijana wa miaka 25 akiimba juu ya kuagana, anawaza kwamba atarudi mwezi ujao. Mtu wa miaka 65 ambaye hakurudi akiimba maneno hayo hayo, msikilizaji anasikia miaka 40 ndani yake. Nyinyi mliofunga mlango wa nyumba zenu mkafikiri ni kwa siku mbili, mnanielewa.

La tatu ni haki. Anayepiga kila Jumamosi analipwa kwa Jumamosi hiyo tu, na akiugua halipwi. Lakini wimbo uliorekodiwa, ukiwa na jina la mtunzi wake, unaweza kumlipa hata akiwa amelala, na kuwalipa watoto wake. Hapa kwetu sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na tangu mwaka 2011 shirika la SOCODA ndilo lenye kazi ya kukusanya haki hizo. Ninajua, mtacheka. Mtasema sheria iko kwenye karatasi. Ni kweli kwamba kati ya karatasi na mkono kuna safari ndefu. Lakini asiye na jina kwenye wimbo hata hiyo safari hawezi kuianza.

Mwanasheria aliyenunua gitare tena

Si Wakongomani peke yao waliofanya hivyo. Mjini Dakar, Senegal, kulikuwa na Orchestra Baobab, iliyoanzishwa mwaka 1970. Walipiga muziki laini wenye harufu ya Kuba na ya Senegal pamoja. Mtindo mpya wa vijana ulipokuja, watu wakawaacha, na katika miaka ya 1980 orkestra ikavunjika. Mpiga gitare wao mkubwa, Barthélémy Attisso, ambaye alifika Dakar kutoka Togo kusoma sheria, akarudi kwao, akawa mwanasheria. Gitare akaliweka chini kwa miaka mingi.

Lakini nyimbo walizorekodi mwaka 1982 zilichapishwa tena Uingereza mwaka 1989, na watu wa mbali wakazipenda. Mwaka 2001 wazee waliitana tena. Attisso ilibidi apate gitare na kuanza mazoezi upya, vidole vikiwa vimesahau njia. Mwaka 2002 albamu yao mpya, Specialist in All Styles, ikatoka, na wakazunguka dunia.

Ninaisimulia kwa sababu ya jambo moja. Kilichowaita wazee wale warudi ni zile nyimbo za 1982. Kama zisingerekodiwa, hakuna ambaye angegonga mlango wa mwanasheria kule Lomé kumuuliza habari za gitare. Nyimbo zilikaa zikisubiri miaka karibu ishirini, na watu walipokuwa tayari, zikawarudisha pamoja.

Na sisi, tuna nini?

Wamarekani weusi wana muziki wanaouita blues. Ulizaliwa kwa watoto na wajukuu wa watumwa, watu wa mashamba ya pamba, na wengi wao walihama kwenda miji ya kaskazini na gitare moja begani. Ni muziki wa mtu anayetaja shida yake kwa jina mpaka shida inapungua uzito.

Tusifikiri kwamba sisi hatukuwa na kitu cha namna hiyo. Bashi wana lulanga. Wazee mnaijua: ubao uliochongwa kama chombo chembamba, nyuzi zimevutwa juu yake, mtu mmoja anakaa, anapiga na kusimulia kwa sauti ya chini. Anasimulia juu ya mwami, juu ya ng'ombe, juu ya njaa, juu ya jirani aliyemdhulumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Alan Merriam, alifika Kivu akarekodi muziki wa Bashi. Kwa hiyo sauti za babu zetu ziko katika maktaba za Marekani. Swali ni kama ziko hapa Nyantende. Nimewauliza vijana kumi wa hapa kama wamewahi kuona lulanga ikipigwa. Wawili walisema ndiyo.

Tangu vita ilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, watu wamehama mara moja, mara mbili, wengine mara tatu. Anapohama mtu, tunahesabu godoro, sufuria, mbuzi, karatasi za shule. Hakuna anayehesabu nyimbo. Lakini kwaya ya kanisa fulani kule kijijini ilikuwa na nyimbo ishirini zilizotungwa na mwalimu wao, na hazikuandikwa popote. Leo mwimbaji wa sauti ya kwanza yuko hapa, wa sauti ya pili yuko Uvira, mwalimu yuko Burundi. Wimbo huo uko wapi sasa? Umekatika vipande vitatu, na kila mmoja ameshika kipande chake.

Mama mmoja aliyehama aliniambia kwamba mume wake marehemu alikuwa anapiga gitare katika kikundi cha kijijini, na walitunga wimbo kwa ajili ya ndoa yao. Nikamuomba auimbe. Akaanza, akafika katikati, akasimama. Akasema: "Hapa alikuwa anaingia yeye." Kwa heshima yake sikuuliza zaidi.

Ndiyo maana habari ya Mangelepa ni habari yetu. Hawakuwa na fedha nyingi. Hawakuwa na nchi iliyowashika mkono, si ile waliyotoka wala ile waliyoingia. Walikuwa na vitu vitatu: walikaa pamoja, walishika nyimbo zao wenyewe, na mlango wa studio ulipofunguka waliingia wakiwa bado wanazijua.

Tunaweza kuanza leo

Sisi hatuna studio ya Ketebul. Lakini karibu kila nyumba kuna simu inayoweza kurekodi sauti. Nimezungumza na wazee wawili wanamuziki na na mwalimu wa kwaya, na tumekubaliana juu ya mambo haya machache.

Ukiwa na mzee anayejua nyimbo, mkae asubuhi mapema, wakati hakuna kelele ya pikipiki wala ya mashine ya kusaga. Weka simu juu ya kitambaa, hatua moja mbele yake, si mkononi. Funga mlango.

Kabla hajaimba, mwambie aseme kwa sauti yake jina lake, kijiji alikotoka, nani aliyetunga wimbo, na ulikuwa unaimbwa wakati gani: harusi, mazishi, kupalilia, kubembeleza mtoto. Sauti hiyo ndiyo karatasi yake. Kama mtunzi ni mtu mwingine, hata kama amekufa, lisemwe jina lake. Tusiibe, hata kwa bahati mbaya.

Mwache aimbe mpaka mwisho, hata akikosea. Akikosea arudie, lakini msifute ile ya kwanza. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo yenye roho.

Nakala moja iwe kwa familia, nyingine kwa mtu wa mahali pengine. Tumejifunza kwa uchungu kwamba kitu kilicho katika nyumba moja kinaweza kupotea kwa usiku mmoja. Na msiitume kwa kila mtu kabla ya kumuuliza mwenye wimbo. Wimbo ni mali yake, kama mbuzi wake.

Wale waliokuwa na kikundi na leo wametawanyika, tafutaneni. Mwenye sauti ya kwanza arekodi ya kwanza, amtumie wa pili. Haitakuwa kamili. Lakini Attisso naye hakuanza akiwa kamili.

Jibu kwa mzee

Papa, uliniuliza maswali mawili: wako bado, na walirudi?

Wengi wameondoka duniani, kama ilivyo kwa binadamu wote. Lakini orkestra ilivuka miaka 40 katika nchi ya watu, na jina lake halikuzikwa. Kwa habari ya kurudi, wengi wao hawakurudi kuishi kule walikozaliwa. Walizeekea Nairobi, na watoto wao wamekuwa watu wa huko.

Lakini nyimbo zilirudi. Zimerudi mpaka hapa Nyantende, katika kadi ya memori ndogo kuliko ukucha, ndani ya simu ya mtu ambaye naye amehama. Ulipoifungulia pale, vijana waliacha kucheka wakasikiliza. Mmoja wao amenifuata jana kuniomba majina ya nyimbo hizo. Nimemwandikia.

Sasa ni zamu yako. Kesho asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza, nitakuja na simu yangu na kitambaa. Umesema kule kwenu ulikuwa unapiga likembe na una nyimbo zako mwenyewe sita. Anza na ule unaoupenda. Na kabla ya kuimba, taja jina lako.